Pisi Kumi na Nne, Hakuna Yangu

Kasese, 7 Julai 2025

Dada Acan,

Usiitupe kwanza. Najua ukiuona mwandiko huu moyo utakudunda, utasema, haya, ameanza tena. Sijaanza. Barua hii niliiandika jana mchana, ikalala juu ya cherehani, leo asubuhi nimeisoma na bado nakubaliana nayo, ndiyo maana nimempa Wahab wa gari la Bwera akufikishie dukani. Hilo ni sharti la Bwana Yafesi. Huyu ni muuguzi wa wagonjwa wa akili hapa hospitalini, mzee aliyewahi kuwa jeshini, ana mdomo kama wa watu wa kambi ya jeshi tulikokulia. Aliposikia kwamba nilikutumia meseji sitini na tatu alasiri moja mpaka ukanifungia namba yako, hakunionea huruma hata kidogo. "Simu weka chini," alisema. "Andika karatasi. Karatasi haikimbii kama wewe."

Niseme nilichokuja kusema kabla sijaogopa: nataka kuja kwako utakapojifungua. Habari ya mimba nimeipata kwa Saudah, anayeuza vitenge barazani pembeni yangu. Alikuona sokoni Mpondwe. Mimi, mdogo wako wa tumbo moja, naambiwa na muuza vitenge! Lakini sikulaumu. Mtu aliyefanya nilichofanya haambiwi mambo.

Yafesi hataki nizungukezunguke, kwa hiyo nalitaja kosa langu. Desemba ulikuja hapa na pisi kumi na nne za kitenge cha kijani, sare ya familia kwa siku watu wa Kathembo watakapokuja kukuposa. Kila pisi ilikuwa na karatasi ya jina imebanwa kwa pini. Nilipozipanga nianze kushona, nikatafuta jina langu. Halikuwepo. Nikazipanga tena. Mama yupo, binamu Ajok yupo, hata mke wa jirani yupo, mimi sipo. Watu wanadhani pale nilifikiri vibaya. Dada, sikufikiri. Wazo lilikuja zima, limeshaiva: hawanitaki, hawajawahi kunitaka. Nikachukua makasi. Zote kumi na nne, pindo hadi pindo. Halafu nikakaa katikati ya vipande nikasikia nafuu, kwa muda wa kunywa maji kikombe kimoja, kisha aibu ikaja na haijatoka mpaka leo.

Na kesho yake, mlipofika kuona vipande, ukasema mbele ya wote kwamba pisi yangu ilikuwapo. Kwamba uliiweka kando, ya rangi nyingine, ya kunishtukiza, kwa sababu mimi ndiye ningekaa karibu nawe. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Daktari ameupa ugonjwa huu jina refu. Yafesi anasema ni tatizo la haiba, kwamba hofu ya kuachwa inafika kwangu kabla ya akili. Vidonge ni vichache, kazi kubwa ni zoezi. Jambo likinichoma, nachora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Kushoto, "jicho yako iliona nini." Kulia, "kichwa yako iliongeza nini." Ukurasa wangu wa kwanza ni kitenge. Kushoto: jina langu halipo. Kulia: hawanitaki. Chini nimeandika kwa wino mwekundu: PISI ILIKUWAPO. Nausoma kila asubuhi kabla ya chai.

Bado unayo ile pisi? Nitumie, tafadhali. Nataka niishone nije nimeivaa.

Mdogo wako mwenye haya,
Adong

*

Bwera, 19 Julai 2025

Adong,

Barua yako imefika. Nimefurahi kusikia unatibiwa. Mimi ni mzima, ila miguu inavimba. Mkunga anasema katikati ya Septemba. Mama yuko hapa tangu Mei, anapika kama tuko kikosi kizima.

Kuhusu kuja, nitazungumza na Kathembo. Usinisukume. Ndugu zake wa Mahango hawajasahau. Siku ya posa wao walikuja na sare yao nzuri, sisi kila mtu na nguo yake, kama watu waliokutana kwenye foleni ya kliniki. Shangazi yake bado anaitaja.

Kuhusu kitenge, kipo mahali. Tumehama nyumba, vitu vimechanganyika. Nitakitafuta. Na wewe usiwe unayasoma hayo kila asubuhi. Yamepita.

Acan

*

Kasese, 22 Julai 2025

Dada,

Siku kumi na mbili! Ungejua zilivyonipitia. Niliandika barua tatu katikati. Ya kwanza ya matusi, ya pili ya kukuaga milele, ya tatu ya kukupigia magoti. Zote zililala juu ya cherehani na asubuhi hakuna hata moja iliyofaa kupewa Wahab. Nikazichana nikaziwashia moto chini ya sufuria ya maharage. Halafu barua yako ikaja, nikaibusu mbele ya wateja. Umesema utazungumza na Kathembo. Hukusema hapana. Nimeandika hivyo upande wa kushoto.

Ngoja nikuchekeshe. Unamkumbuka Aminah, mke wa mwalimu, mteja wangu tangu nifungue? Juzi amepita hapa mbele, jicho kwa jicho, hakunisalimia. Banange, jamani! Moto ukanipanda kutoka miguuni. Nilikuwa na magauni yake matatu, moja limebaki vifungo tu. Nikayakunja yote niende kumtupia mlangoni. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Ndipo nikakumbuka daftari. Kushoto: Aminah amepita, hakusalimia, ameshika shavu. Kulia: amesikia habari ya makasi, mji mzima umesikia, wananicheka. Yafesi anataka chini ya hapo niandike sababu nyingine tatu, hata za kijinga. Nikaandika: hakuniona. Ana haraka. Amemeza nyuki.

Nikamfuata nikamuuliza. Jino, dada! Shavu limevimba kama ameficha ndimu mdomoni, hawezi hata kufungua kinywa. Akanionyesha kwa kidole. Nilicheka mpaka machozi, na machozi yalipokuja yakakataa kuondoka, kwa sababu nilianza kuhesabu. Ni watu wangapi nimewapoteza kwa ajili ya meno yao? Rafiki zangu wa shule. Yule mwanaume wa Nyakalengija aliyekuwa akipandisha wazungu mlimani, aliyechelewa siku mbili kwa sababu ya theluji ya kileleni, akarudi akakuta nimemchomea viatu. Nakaa hapa nashona na aibu inanipanda masikioni, mchana kweupe, kwa jambo la miaka sita iliyopita.

Kichwa changu si kibovu, usifikiri hivyo. Kina haraka tu. Tatizo likija wengine wanaona njia nne tano, wanachagua. Mimi naona moja, na iko mkononi tayari: kukata, kuchoma, kuondoka. Sasa najifunza kusubiri mpaka ya pili ionekane. Inaonekana, dada. Inachukua kama muda wa kuchemsha chai.

Msalimie Mama. Kama hataki salamu yangu, msalimie bila kutaja jina.

Adong

*

Bwera, 9 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Kitenge hiki hapa, nimekipata. Kathembo amekubali uje wiki ya pili baada ya mtoto. Mama hajasema kitu.

Shona unavyopenda. Samahani kwa kuchelewa.

Acan

*

Kasese, 14 Agosti 2025

Dada Acan,

Ni kizuri kupita nilivyofikiria. Njano ile, na maua ya maboga makubwa hivyo! Niliponusa nikalia, Saudah akaja mbio akidhani nimejichoma pasi.

Sasa nina jambo, na nakuomba ulisome umekaa. Saudah alikishika akasema, "Hii iko mupya! Ilifika Kasindi, ng'ambo ya mpaka, mwezi wa saba, mimi mwenyewe nilifungua bale. Desemba ilitoka wapi?" Nikamwambia amekosea, vitenge vinafanana. Akarudi kwa vitenge vyake, lakini mimi ni fundi. Kitenge kilicholala sandukuni miezi minane kina alama za kukunjwa ambazo pasi inazihangaikia. Hiki pasi ilipita mara moja, kikalala sawasawa.

Nimefanya zoezi. Kushoto: kitenge ni kipya. Kulia: dada ananidanganya, pisi haikuwapo. Unaona? Kichwa changu kile kile. Umenitumia zawadi, umeniruhusu nije, na mimi bado natafuta mwiba. Nimeandika sababu nyingine tatu. Ya kwanza, duka moja lilikipata mapema. Ya pili, cha kwanza kilipotea mlipohama ukaona haya, ukanunua kingine. Ya tatu sikuipata.

Yafesi anasema ukishindwa, uliza, usikae nalo likaoza. Kwa hiyo nauliza, na uso wangu unawaka kwa kuuliza. Niambie tu ni ile sababu ya pili. Neno moja linatosha, nitafunga daftari.

Adong

*

Kasese, 25 Agosti 2025

Dada,

Wahab ameapa alikupa barua mkononi. Nisamehe. Ichome ile barua, usimwonyeshe Mama, usimwonyeshe Kathembo. Ni ugonjwa ulioandika. Mtu anapewa kitenge, badala ya kusema asante anakagua mikunjo yake kama askari wa forodha! Hata mimi ningekuwa wewe ningenyamaza.

Yafesi hajui kwamba nakuandikia hii. Haijalala, nimeiandika sasa hivi na Wahab anapiga honi. Nimeshindwa kungoja.

Unajua kila Alhamisi tunakaa kikundi pale hospitalini, na wageni wakija mimi ndiye napewa kazi ya kuwasimulia habari ya kitenge. Wiki iliyopita alikuja msichana wa Kyarumba, alikuwa hajasema neno kwa mwezi mzima. Nilipofika pale kwamba pisi ilikuwapo muda wote, alilia, akasema, "Kumbe inawezekana ukosee hivyo na bado ulikuwa unapendwa." Ni maneno yake ya kwanza. Hadithi hiyo ndiyo ninayosimama juu yake, dada. Sikutaka kuichokonoa.

Nimeshakata gauni, linanikaa vizuri. Tafadhali usinifungie mlango kwa sababu ya swali moja la kipumbavu.

Adong

*

Bwera, 31 Agosti 2025

Adong, mdogo wangu,

Swali lako halikuwa la kipumbavu. Barua yako ile yenye swali nilikaa nayo wiki mbili chini ya godoro. Ulinipa njia ya kutokea, sababu ya pili, neno moja tu. Mara tatu nimeshika kalamu niandike "ndiyo". Lakini hii ya msichana wa Kyarumba imenishinda.

Pisi haikuwapo. Haijawahi kuwapo. Hicho cha maua nilikinunua Kasindi tarehe saba Agosti, mimi na tumbo langu, nikimkimbia Mama asione.

Tulikaa sebuleni kuandika orodha. Mama alisema, "Huyu ondoa jina yake. Ataharibu siku." Alikumbusha harusi ya Ajok, ulivyomnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti kwa sababu hakututaja, ukalia mbele ya wageni. Ningeweza kukataa. Yalikuwa maposa yangu. Lakini nitakuambia kweli yote: niliposikia hivyo, nilipumua. Nilitaka siku moja tu isiyokuwa ya Adong. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, si kwa Mama. Ni mimi niliyeandika majina kumi na manne.

Kisha nikakuletea wewe ushone. Hilo ndilo linaloniamsha. Kulikuwa na mafundi wengine Bwera, lakini hakuna anayeshona kola kama wewe. Tulitaka mikono yako bila wewe mwenyewe. Sikufikiria hata kidogo kwamba utayasoma majina. Au nilifikiria, nikajisemea potelea mbali.

Na kesho yake, ulipokaa sakafuni na Mama anapiga kelele, shangazi wa Kathembo, aliyefuatana nasi kuona sare, akanigeukia mimi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa ninyi mulimufanyia nini huyu mutoto?" Yeye peke yake aliuliza. Watu wote wakaanza kuniangalia. Ndipo nikasema ile habari ya pisi ya kando, ya rangi nyingine. Ilinitoka laini, sijui ilitoka wapi. Na wote wakakugeukia wewe, wakasikitika, wakasema maskini, ni mgonjwa. Nikaona nimepona.

Sikujua utaiweka kwenye daftari. Sikujua utaifanya dawa. Kila barua yako iliyokuja ikiisifu ile pisi, nilisoma nimesimama, kwa maana nilishindwa kukaa. Nimekufanya usiyaamini macho yako mwenyewe, na macho yako yaliona sawa. Wewe uliona haya miezi minane peke yako, na nusu yake ilikuwa yangu.

Kathembo hajui. Mama anajua, na hatujalitaja tangu siku ile. Tunapika pamoja, tunaongea kuhusu chumvi.

Sikuombi unisamehe. Ukitaka kunitukana, namba yako nimeifungua.

Dada yako,
Acan

*

Kasese, 8 Septemba 2025

Dada Acan,

Sikupiga simu. Nilikuwa nayo mkononi, nikampa Saudah akae nayo mpaka Jumapili.

Siku niliyopata barua yako niliacha cherehani wazi, nikaenda stendi, nikaingia gari la Bwera bila mkoba wala kitambaa kichwani. Nilijua nitakachofanya. Nitasimama dukani kwako saa ya wateja wengi, nikusomee barua yako kwa sauti, kuanzia neno la kwanza mpaka jina lako. Nilikuwa nimeshakaa. Wahab aliniangalia kwenye kioo. Kabla gari halijajaa nikashuka. Usiniulize niliwezaje. Nikakaa chini hapo hapo kando ya wauza mananasi.

Kesho yake nikaenda kwa Yafesi nikamtupia daftari mezani. Nikamwambia, "Jicho iliona sawa! Kichwa haikuongeza kitu! Sasa dawa yako nifanyie nini?" Akaisoma barua yako polepole, akavua miwani. "Ndiyo," akasema. "Jicho yako iliona sawa. Wamekukosea, pole sana." Akangoja nilie nimalize. Halafu akauliza, "Na makasi nani alishika?"

Nilimchukia siku mbili nzima, afande yule. Nilisema sirudi tena. Siku ya tatu nikiwa napachika zipu likaniingia lenyewe. Watu wengi huachwa nje ya orodha, dada. Mmoja huuliza kwa nini, mwingine hununa, mwingine huenda kulia kwa jirani, mwingine hurudisha vitambaa na kusema tafuteni fundi mwingine. Hilo la mwisho lingewauma vizuri sana! Mimi nilikuwa sahihi, na bado nilikuwa na njia moja tu. Kwa hiyo ugonjwa wangu haukuwa uongo, hata kama kitenge kilikuwa uongo. Orodha ni yako na ya Mama. Makasi ni yangu. Sitaki unibebee makasi yangu kwa sababu unanionea huruma, na mimi orodha yako sikubebei tena. Miezi minane imenitosha.

Alhamisi nimewaambia kikundi ukweli wote. Nilimwogopa msichana wa Kyarumba. Yeye akauliza, "Na dada yako unamchukia?" Nikafungua mdomo nikakosa jibu, na mimi sijawahi kukosa jibu la swali hilo kuhusu mtu yeyote. Zamani ungekuwa umekwisha kwangu, ningekata hata picha zako. Nilipofika nyumbani niliandika upande wa kushoto: nina hasira naye. Chini yake, upande huo huo: nampenda. Nikakaa nikiyaangalia, nikingoja moja limfukuze mwenzake. Yamelala pamoja usiku wa nne leo. Inauma namna ambayo siijui, lakini sijavunja kitu.

Umeandika kwamba ulitaka siku moja isiyokuwa ya Adong. Hapo ndipo nilipolia zaidi kuliko pale pa orodha. Ni kweli. Nimekuibia siku nyingi. Aibu yangu haijaondoka, ila sasa imepata kipimo chake, haijazi nyumba nzima.

Nitakuja Jumamosi ya tarehe ishirini, mtoto awe amefika au hajafika. Sitalala kwako wiki ya kwanza. Saudah ana shangazi yake hapo Mpondwe, nimeshaomba chumba, nitakuja asubuhi na kuondoka jioni, maana najijua na mtoto mchanga analia na mimi nachoka haraka. Nikisikia moto unapanda nitatoka nje, usinifuate.

Lakini kabla ya siku hiyo, mwambie Kathembo. Mwambie kwa mdomo wako, na Mama akiwepo. Mimi sitasema neno. Kama hukumwambia, nitakuja vilevile, mtoto hajanikosea kitu. Nitabisha hodi mlango wa mbele, nitakaa sebuleni kwenye kiti cha wageni, nitakunywa chai, nitamwona mtoto, nitaaga.

Kama umemwambia, nitaingilia mlango wa jikoni.

Adong